Mshumaa Wako Hauna Kosa

Funyula
6 Februari 1965

Kwa mkwe wangu, Baba Omagor,

Pokea salamu za nyumba hii, ambayo siku hizi ni mimi, kuku wangu na jogoo mmoja mwenye kiburi. Sote wazima. Jua limekaza, mihogo imesimama tu inatutazama. Methuselah yuko Kampala na kimya chake. Kama Nerima amepata habari za kaka yake anipe, maana mimi niliyemzaa nimekuwa wa kuulizia kwa watu. Na huyo Nerima mwenyewe usimwache abebe madebe ya maji kwa hali aliyo nayo.

Sasa niingie kwenye jambo. Nta uliyonipa kupitia kwa Edris wa lori ilifika salama. Nimeichanganya na vipande vya mishumaa ya kanisa ambavyo padri ananiruhusu kuokota, nikamimina kwenye chupa za jemu kama ulivyonielekeza. Matokeo ni aibu. Mshumaa unachimba kisima katikati, nta ya pembeni inabaki imesimama kama ukuta, halafu mwali unazama humo kisimani na kufa. Tena nta imejibandua kwenye glasi upande mmoja. Nimekosea wapi? Pasaka inakuja na mimi ndiye ninayetarizi kitambaa cha altare. Taa ya mafuta inanichoma pua, ninataka kushona kwa mwanga usionuka.

Juzi jirani aliniuliza tunaandikiana nini, mama mkwe na mkwe. Nikamwambia ni kweli, tangu umwoe binti yangu sijakushika mkono, wala hujawahi kunitazama usoni, na ndivyo inavyotakiwa kwetu Samia na kwenu Wateso pia. Lakini wazee walioweka miiko hiyo hawakutaja barua. Wala hawakutaja mishumaa.

Ni mimi,
Mama Nerima


Malaba
20 Februari 1965

Mama mheshimiwa,

Salamu zako tumezipokea na jogoo tumemcheka. Sisi hatujambo. Omagor ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi bila kutaka. Nerima anaendelea vizuri, ila amechukia harufu ya samaki, na hapa stesheni kila behewa linanuka samaki. Madebe ya maji nabeba mimi. Wenzangu wananicheka, nami nawaacha wacheke. Methuselah hajatuandikia.

Kuhusu kisima. Kosa la kwanza ni utambi wako ni mwembamba. Nta ya nyuki ni nzito kuyeyuka kuliko ile ya dukani, inataka moto wenye nguvu. Suka nyuzi za pamba tatu tatu kama nywele, halafu zisuke tena pamoja. Loweka kwenye maji ya chumvi, anika zikauke kabisa, kisha zichovye kwenye nta kabla ya kuzisimamisha kwenye chupa. Kosa la pili nadhani uliuwasha kidogo ukauzima. Mara ya kwanza uache uwake mpaka nta iyeyuke hadi kwenye glasi pande zote. Mshumaa haubadilishi tabia. Ukichimba kisima siku ya kwanza utachimba hapo hapo mpaka mwisho wake.

Kuhusu nta kujibandua, naomba nikisie: ulitia chupa kwenye karai la maji baridi ili zipoe upesi. Mama, haraka haraka haina baraka, na kwenye nta ndiyo haina kabisa. Pasha chupa joto kabla ya kumimina, halafu uzifunike na blanketi kuukuu zipoe polepole. Ukiona juu pamebonyea karibu na utambi, toboa kwa sindano na umimine tena kidogo.

Mimi kazi yangu ni kutunza taa za ishara hapa stesheni, kukata tambi na kufuta vioo, kwa hiyo haya si maarifa ya ajabu. Mishumaa yenyewe ni ya kujifurahisha tu. Wengine wanacheza bao.

Ni mimi mkweo,
Egwang


Funyula
15 Machi 1965

Kwa mkwe wangu, Baba Omagor,

Salamu kwenu nyote na kwa jino la Omagor popote lilipo. Mvua imeanza. Watu wa Rukala wameanza tena kupanda huku juu na mbuzi wao kwa kuogopa mafuriko ya mto Nzoia. Kuku wawili wameliwa na kicheche. Jogoo alikuwepo na hakufanya lolote.

Ulikisia sawa, nilitia chupa kwenye karai. Sikupenda ujue, lakini ni hivyo. Nimefuata yote uliyosema na kisima kimekwisha, nta imeshika glasi vizuri, na juu ni laini. Hata padri aliushika akauzungusha mkononi.

Ila kuna kosa jipya. Mwali una duara. Unauzunguka kwa mbali kidogo, na una rangi rangi kama upinde wa mvua. Mwanga nao ni wa ukungu, haufiki pembeni. Nikiweka mshumaa mbele yangu naona sindano, lakini mkasi ulioko kushoto kwangu mpaka niupapase. Nafikiri nta ya kanisani ina kitu ndani yake. Na moshi wake unaniuma kichwa hapa juu ya jicho, ingawa moshi wenyewe siuoni. Uzi wa siku hizi pia ni mbaya, hauingii kwenye tundu.

Niambie dawa ya duara.

Ni mimi,
Mama Nerima


Malaba
29 Machi 1965

Mama mheshimiwa,

Tunakusalimu. Pole kwa kuku. Jogoo huyo angekuwa mfanyakazi wa reli angekuwa ameshaachishwa kazi.

Kabla ya mishumaa kuna jambo linalonikosesha usingizi, na Nerima amesema nikiacha kuliandika ataliandika yeye. Jumamosi iliyopita nilipanda lori la Edris kuja Funyula kuchukua nta. Nilipokuwa nashuka njia ya sokoni nilikuona unapanda. Nilisimama ili upate nafasi ya kupisha, au mimi nipishe, kama ilivyo desturi. Hukupisha. Ulinijia moja kwa moja, umeinua uso, mpaka ikanibidi niruke kwenye shamba la mihogo la watu. Nilianguka na nta yangu. Ulipita karibu sana, na hukugeuka hata kwa kelele ya mihogo kuvunjika. Edris aliniuliza, "Boss, umemkosea mama wa watu nini?" Mimi nilikuwa naokota nta. Mama, kama nimekosa jambo, niambie niombe msamaha kwa njia inayofaa. Ningeumia sana kama umenikasirikia.

Sasa duara. Nimewasha mshumaa wa nta kama yako, na mwingine wa nta ya nyuki peke yake. Nimejaribu utambi mnene, mwembamba, mrefu na mfupi. Utambi mrefu unatoa moshi na kuota uyoga mweusi kichwani, lakini duara sijalipata. Nakuletea chupa moja niliyoitengeneza mimi mwanzo hadi mwisho. Iwashe. Halafu uangalie taa ya mafuta nayo. Na kama usiku mmoja hakuna mawingu, uniambie pia kama mwezi una duara.

Ni mimi mkweo,
Egwang


Funyula
24 Aprili 1965

Kwa mkwe wangu, Baba Omagor,

Salamu za Pasaka, ingawa zimechelewa. Barabara ilikuwa tope na Edris hakupita. Mahindi yameota vizuri. Kitambaa cha altare kilimalizika, mama mmoja wa hapa alinisaidia kwenye pindo kwa sababu nilikuwa na shughuli nyingine.

Habari ya sokoni ilinishtua. Sijakukasirikia hata kidogo. Siku hiyo nilikuwa na mawazo, mtu mwenye mawazo anaweza kupita hata mlima asiuone. Pole kwa kuanguka. Mwenye mihogo alilalamika kwamba ni nguruwe na mimi sikumsahihisha.

Swali lako la mwezi silielewi. Sisi tunatengeneza mishumaa, hatutengenezi mwezi. Mshumaa wako niliuwasha na ukawa na duara lile lile, kwa hiyo hata wewe fundi una kosa, usinicheke peke yangu. Naona dawa ni utambi mnene zaidi ili mwanga uongezeke. Niletee uliosukwa mara tatu. Nimempa Edris chupa moja ya kwangu uiwashe huko ujionee mwenyewe.

Kama mistari ya barua hii imepandana, ni kwa sababu ya kalamu.

Ni mimi,
Mama Nerima


Malaba
3 Mei 1965

Mama mheshimiwa,

Sote wazima. Nerima amekuwa mzito na mkunga amemkataza safari. Omagor anasema kwako kuna nguruwe anayevunja mihogo na anataka kumwona. Nimemwacha aamini.

Chupa yako ilifika nzima. Niliiwasha ndani ya nyumba, mlango umefungwa, pasipo upepo. Nimeitazama mimi. Ameitazama Nerima. Nimemwita Edris naye akaitazama, akasema, "Mimi naona moto tu, boss, moto mzuri." Hakuna duara. Mwali umesimama, nta imeyeyuka sawasawa, hakuna moshi. Mshumaa wako hauna kosa, mama. Kusema kweli ni mzuri kuliko wangu.

Kwenye kazi yangu, dereva wa treni akilalamika kwamba taa haionekani, nabadilisha utambi. Akilalamika tena, nabadilisha mafuta, halafu kioo. Vyote vikiwa vizuri na bado analalamika, simletei utambi mwingine. Siwezi kukuletea utambi mnene, nitakuwa nakudanganya.

Nimefika mahali ambapo mkwe haruhusiwi kupita. Haifai mimi kutaja mwili wako, na sijawahi. Lakini naogopa. Nilifurahi uliponiambia hukunikasirikia, halafu nikaelewa maana yake, na furaha ikaisha. Hukuniona. Nilikuwa mbele yako mchana wa saa sita na hukuniona.

Kisumu kuna daktari wa macho. Mganga wa zahanati hapa anasema jambo la namna hii halingoji. Nerima angekupeleka lakini hawezi. Methuselah ndiye aliyestahili na hatujui anakaa mtaa gani. Nina likizo ambayo sijaichukua. Naomba ruhusa yako nikupeleke mimi. Najua ninachoomba.

Ni mimi mkweo,
Egwang


Malaba
24 Mei 1965

Mama mheshimiwa,

Hatujapata jibu. Edris anasema amekuona mlangoni kwako na ulimwambia barua bado. Sina jipya la mishumaa. Natuma hii ili ujue kwamba bado tunasubiri.

Egwang


Funyula
30 Mei 1965

Kwa mkwe wangu, Baba Omagor,

Salamu kwenu. Mvua ni nyingi. Jogoo nimemchinja, hakuwa na faida.

Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaisoma tena. Nilikasirika. Nikasema kijana huyu amevuka mpaka. Halafu nikatoka nje, kulikuwa na mwezi, nikauangalia. Una duara, Baba Omagor. Ulikuwa nalo siku zote. Hata nilipokujibu kwamba hatutengenezi mwezi, nilikuwa nimeshauangalia.

Upande wa kushoto umekuwa ukiondoka tangu kabla ya Krismasi. Sikusema, na sababu nitakupa. Asiyeona hawezi kuachwa akae peke yake. Angepelekwa kwa mwanawe, lakini mwanangu amepotelea Kampala. Anayebaki ni Nerima, na mama mkwe hawezi kuhamia kwenye nyumba ya mkwe wake, akala na kulala humo. Sijaona mtu aliyefanya hivyo. Kwa hiyo niliona kwamba siku nitakaposema sioni, sitakuwa na pa kukaa duniani. Nikaona afadhali kosa liwe la mshumaa.

Sasa sikiliza. Nimekwenda kwa wifi yangu Anjeline, shangazi wa mkeo, nikamweleza. Alinigombeza mpaka akachoka, kisha akasema njia ipo, ilikuwepo zamani kwa watu waliokutwa na shida. Wewe utaleta kuku jike, mimi nitatoa shuka. Anjeline atasimama katikati yetu kwenye uwanja, atapokea huku na kutoa huku, na baada ya hapo tukishikana mkono hakuna atakayesema. Ni mkono tu. Uso bado ni uso.

Njoo. Kuku asiwe mwenye kiburi.

Mama Nerima


Malaba
18 Julai 1965

Mama mheshimiwa,

Natumaini umefika nyumbani salama kutoka hospitali ya Kisumu, na kwamba Edris aliendesha polepole kama nilivyomwomba. Nisamehe kwa kukuacha wodini siku ile ya pili, likizo ilikwisha na taa haziwezi kujitunza. Nilipotoka getini nililia kidogo. Nakuambia kwa sababu ni barua.

Daktari amenijibu kwa posta. Anasema vile vile alivyosema tulipokuwa naye: presha ya jicho. Na anaongeza kwamba upasuaji umekwenda vizuri kwa macho yote mawili. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Kilichobaki kinaweza kubaki ukitia dawa kila siku bila kuruka hata moja, na turudi kwake Oktoba. Dawa hiyo ichukulie kama kukata utambi. Haifurahishi na huwezi kuiacha.

Sasa habari njema ambayo Edris nilimkataza asikuambie. Nerima amejifungua mtoto msichana, mzima, mwenye kelele. Nerima hajambo. Jina amelitoa yeye, ni lako, la nyumbani. Kwa hiyo nina mtoto ambaye siwezi kumwita. Jina la mama mkwe halitoki kinywani mwangu, na hata hapa kalamu imekataa. Omagor analitaja kutwa nzima kwa makusudi, akiona ninavyoruka. Mimi namwita Mama, naye ananyamaza, kwa hiyo naona amekubali.

Na lile ulilosema kwamba hutakuwa na pa kukaa. Nerima na mimi tumelizungumza. Nyuma ya nyumba yetu kuna nafasi ya nyumba nyingine ndogo, yenye mlango wake, unaotazama upande mwingine kabisa. Hutaniona wala sitakuona. Nimeshaanza kufyatua matofali. Huna haja ya kujibu hili.

Ni mimi mkweo,
Egwang


Funyula
15 Agosti 1965

Kwa mkwe wangu, Baba Omagor na Baba wa huyo mwenye jina,

Salamu nyingi kwenu, na kwa mtoto zaidi. Herufi zangu ni kubwa kwa sababu daktari amesema niandike hivyo. Mtoto nilimwombea hapa peke yangu, kisha nikaenda kuwaambia majirani wote mpaka wakachoka nami.

Dawa natia. Inachoma na natia. Jana niliwasha mshumaa wangu wa mwisho wa ile nta ya kanisani. Duara limeondoka, mwali ni mwali tu. Kushoto hakuna kitu, na nimeacha kugeuza kichwa kutafuta. Mkasi nauweka kulia. Kitambaa cha Krismasi nimekianza, na uzi wa siku hizi si mbaya kama nilivyokuwa nasema, ingawa tundu la sindano nawaachia wengine.

Matofali hayo usiyaache kwenye mvua. Ndilo jibu langu.

Kuna jambo moja sikukuambia tulipokuwa Kisumu. Pale tuliposhuka kwenye basi ulinishika mkono kama mtu aliyeshika yai, ukaniongoza mpaka hospitali. Ulifanya kwa heshima. Kwa kuwa uso bado ni uso, ulikuwa umeinamisha kichwa chini njia nzima usije ukanitazama. Mimi sioni kushoto, nawe unatazama vidole vya miguu yako. Tulikaribia kuingia kwenye mkokoteni wa viazi, na mwenye mkokoteni alitutukana sote wawili kwa pamoja. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nalia, na nilikuwa nalia kwa sababu tangu mume wangu azikwe hakuna mtu aliyenishika mkono njia ndefu kama ile.

Oktoba nitakuwa tayari mapema. Njoo na mkono wako ule ule. Lakini nimekwisha sema na Anjeline, naye amekubali: safari hii inua kichwa, utazame mbele. Ukiniona kwa bahati mbaya, umeniona. Mmoja wetu lazima aone njia.

Na mtoto mwite kwa jina lake. Mwenye jina amekuruhusu.

Ni mimi,
Leonida Nabwire